Kutoka Taveta Kurudi Sarajevo

Ukitoka Voi kwenda mpakani, muda mfupi kabla ya kuingia Taveta, utakipita kilima cha Salaita. Si kirefu. Asipokuwepo mtu wa kukuonyesha, utapita bila habari. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa miguu kutoka Afrika Kusini walikishambulia, na kabla jua halijazama walikuwa wametimuliwa. Waliowatimua wengi wao walikuwa askari Waafrika wa jeshi la Ujerumani. Upande wa Waingereza walikuwepo pia Wahindi, Waafrika wa mashariki na wapagazi waliotaabika kupeleka maji na risasi katika nyika ile kavu. Watu wa mabara matatu, kilima kimoja cha Wataveta. Walikuwa wanagombea nini?

Jibu la shuleni lilikuwa tayari: uhasama wa mataifa makubwa. Ubaoni ziliorodheshwa sababu za mbali, yaani mapatano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ugomvi wa makoloni na uzalendo uliopita kiasi. Chini yake ikaandikwa sababu ya karibu: mauaji ya Sarajevo, 28 Juni 1914. Tulikariri, tukafaulu. Lakini orodha haina mwendo. Haisemi kipi kilisukuma kipi, wala kwa nini mataifa yaliyozozana miaka arobaini bila kupigana yalipigana mwaka ule na si mwingine. Nikaamua kuifuata njia kwa kurudi nyuma, kuanzia kilimani. Je, kweli ingenifikisha Sarajevo?

Hatua ya kwanza ni mpaka wenyewe. Kwenye ramani mstari unatoka Ziwa Viktoria umenyooka, unafika Kilimanjaro, unaupinda mlima, kisha unanyooka tena hadi baharini. Waongoza watalii wa pande zote mbili wana maelezo. Malkia wa Uingereza alikuwa na milima miwili yenye theluji, na mjukuu wake, Kaizari wa Ujerumani, hakuwa nao hata mmoja. Bibi akamhurumia, akampa Kilimanjaro siku yake ya kuzaliwa. Hadithi ni tamu, ina bibi, mjukuu na zawadi. Ina ushahidi?

Haina. Makubaliano ya mpaka yalifikiwa kwa kubadilishana barua kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1886. Mwaka huo mjukuu yule hakuwa Kaizari. Babu yake mzaa baba ndiye aliyekalia kiti, na yeye alikirithi mwaka 1888. Maandishi yanataja mdomo wa Mto Umba, Ziwa Jipe, Mto Lumi, nchi iliyo kati ya Taveta na Uchagga, kisha miteremko ya kaskazini ya mlima hadi Ziwa Viktoria. Kilichoupinda mstari ni mambo makavu zaidi: mikataba ambayo Wajerumani walidai kuiandikiana na watawala wa Uchagga, na mingine ambayo Waingereza walidai kuipata Taveta. Sultani wa Zanzibar naye alikuwa ametuma kikosi mwaka 1885 kupandisha bendera yake Kilimanjaro. Agosti ya mwaka huo huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, na bendera ile ikakosa mtetezi. Sasa hadithi ya zawadi inatuficha nini?

Inatuficha biashara. Tarehe 1 Julai 1890 mataifa haya mawili yaliandikiana tena. Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, ikaukubali ulinzi wa Waingereza juu ya Zanzibar. Yenyewe ikapewa Heligoland, kisiwa cha mwamba katika Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita za mraba mbili, pamoja na ukanda wa ardhi wa kufikia Mto Zambezi, ule uitwao Caprivi. Sultani akalipwa marki milioni 4 kwa ukanda wa pwani ambao Wajerumani walikuwa wameshaukalia. Kati ya mahasimu hao wawili haikulia hata bunduki moja. Nilifika Taveta nikiutafuta ugomvi wa makoloni uliozaa vita. Mbona nawakuta wagomvi wenyewe wakitia saini?

Labda walikosana baadaye. Nikashuka miaka, nikitafuta chuki kati ya Dar es Salaam na Nairobi, na kila nilipochimba nilikuta biashara. Tangu reli ya Waingereza ifike Kisumu mwaka 1901, ngozi na mazao ya Mwanza na Bukoba, ardhi ya Wajerumani, yalivuka ziwa na kuteremka hadi Mombasa. Koloni la Wajerumani lilitumia rupia. Simu zake za kwenda Ulaya zilipita kwenye waya wa Waingereza kupitia Zanzibar. Februari 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, na serikali ya Dar es Salaam ikaanza kuandaa maonyesho makubwa ya kuisherehekea. Yalipangwa kufunguliwa Agosti. Nani hualika wageni mwezi anaokusudia kupigana?

Agosti ilipofika hali ilibadilika, na hapa nyaraka zenyewe zinaanza kuvutana. Kwa waandishi wa upande wa Wajerumani, vita vya Afrika Mashariki vilianza tarehe 8, manowari ya Kiingereza Astraea ilipoupiga mizinga mnara wa redio wa Dar es Salaam. Kwa Waingereza vilianza tarehe 15, Wajerumani walipoitwaa Taveta. Kwa Wabelgiji ni tarehe 22, meli yao ilipoharibiwa katika Ziwa Tanganyika. Ziwa Nyasa lina tarehe yake, 13, ambapo meli ya Kiingereza iliishambulia ya Kijerumani iliyokuwa imepumzishwa ufukweni Liuli; nahodha wake alikuwa hajapata hata habari kwamba kuna vita. Kila mmoja huhesabu kuanzia siku aliyopigwa yeye. Tarehe zote ni za kweli, lakini ni ipi kati yake inayotuonyesha aliyetaka?

Wapo wanaokimbilia Mkataba wa Berlin wa 1885. Wazungu, wanasema, waliahidi kutopigana katika eneo hili, kisha wakavunja kiapo chao. Kesi hiyo ingekuwa nyepesi, nami nilitamani iwe ya kweli. Kwenye maandishi, eneo la biashara huria la bonde la Kongo linanyooshwa hadi Bahari ya Hindi, kwa hiyo Mombasa na Dar es Salaam zimo. Ila kifungu cha 11 hakikatazi vita. Kinaruhusu nchi zilizo ndani ya eneo hilo zihesabiwe kuwa hazina upande, iwapo wanaopigana wote watakubali. Mwanzoni mwa Agosti Ubelgiji ilipendekeza Kongo yake iachwe nje ya vita. Baadaye Ujerumani nayo ilipeleka ombi kama hilo kupitia Marekani. London na Paris hazikukubali. Kwa hiyo hakuna kiapo kilichovunjwa, kwa kuwa hakikuwepo. Nani aliona faida kukataa?

Si watawala wa hapa. Gavana wa Dar es Salaam hakuitaka vita na aliingia katika mapatano na wanamaji wa Kiingereza kwamba mji wake na Tanga visitumike kwa mapigano. Kamanda wake wa jeshi alinung'unika. Gavana wa Nairobi naye alisema hadharani kwamba koloni lake halikuwa na maslahi yoyote katika vita hivi isipokuwa bahati mbaya ya kupakana na Wajerumani. Wakubwa wa London waliyakataa mapatano yale ya pwani. Tarehe 2 Novemba manowari ilifika mbele ya Tanga kutangaza kwamba yamekufa, nyuma yake zikiwemo meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India. Hapa ndipo methali ya tembo na nyasi huletwa. Naiheshimu, lakini nyasi za Tanga zilikuwa na bunduki, na askari elfu moja hivi waliwarudisha wageni baharini. Swali langu ni la juu zaidi. Kama magavana hawakutaka, amri ilitoka wapi?

Ulifuate lile kombora la kwanza la Dar es Salaam. Halikuelekezwa kwa jeshi wala kwa ikulu, bali kwa mnara wa redio. Tarehe 31 Julai, kabla vita havijatangazwa, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka Dar es Salaam, ikafuatwa na meli tatu za Kiingereza, ikaziponyoka. Tarehe 6 Agosti ilikamata meli ya mizigo ya Kiingereza katika njia ya bahari kati ya Aden na Oman. Mnara ule ungeweza kuipelekea habari. Vita vya huku, basi, havikuja kwa njia ya Taveta wala havikutokana na shamba la mtu. Vilikuja kwa bahari, vikiambatana na njia za meli na waya za simu. Je, bahari ndiyo chanzo?

Maelezo ya bahari yana nguvu, na ni maarufu. Kuanzia mwaka 1898 Ujerumani ilitunga sheria za kujenga manowari nyingi. Uingereza, inayoishi kwa chakula kinachoingia kwa meli, ikaingiwa na hofu. Mwaka 1906 iliteremsha majini Dreadnought, manowari iliyozifanya nyingine zote kuwa za zamani siku hiyo hiyo, zikiwemo zake yenyewe. Ujerumani ikajibu. Na ule mwamba wa Heligoland, uliopatikana pamoja na kukubali kuiachia Zanzibar, ukawa ngome ya kulinda bandari za kijeshi za Ujerumani. Pambano kubwa la kwanza la manowari zao, tarehe 28 Agosti 1914, lilipiganwa jirani na mwamba huo. Kwa mwandishi mvivu safari ingeishia hapo, kwa kuwa hadithi imejifunga vizuri. Lakini ratiba inasema nini?

Ratiba inaharibu hadithi. Kufikia 1912 Ujerumani ilikuwa inaelekeza fedha zake mpya kwa jeshi la nchi kavu, na katika mbio za manowari Uingereza ilikuwa imebaki mbele. Tarehe 15 Juni 1914 wajumbe wa nchi hizo mbili walitia sahihi za awali kwenye makubaliano ya reli ya Baghdad, jambo lililowakera kwa miaka. Wiki mbili baadaye kikosi cha manowari za Kiingereza kilikuwa Kiel, bandari ya kijeshi ya Ujerumani, kimealikwa kwenye mashindano ya jahazi, mabaharia wakitembeleana melini. Ni huko huko Kiel habari za Sarajevo ziliwakuta. Mahasimu wa baharini walikuwa mezani pamoja, na bado baada ya wiki tano walikuwa vitani. Nani aliwavuta?

Nikageukia nyaraka za Julai. Vita vilipoanza, kila serikali ilichapisha kitabu cha telegramu zake kuthibitisha kwamba haikuwa na kosa. Viliitwa kwa rangi za majalada: cheupe, cha buluu, cha rangi ya chungwa, cha kijivu, cha njano, chekundu. Nilivisoma nikidhani nimefika kwenye chemchemi. Kisha nikavilinganisha na maandishi yaliyotolewa baadaye. Katika kimojawapo, telegramu ya 31 Julai, ambayo asili yake ilisema kwa ufupi kwamba Urusi imeamuru jeshi lake lote likusanyike, ilichapishwa ikiwa imenenepa: imeongezewa maelezo kwamba amri hiyo ilitokana na maandalizi ya maadui. Mfuatano wa siku ukageuka, na mwenye kujibu akawa mwenye kuanza. Sitaji kilikuwa kitabu cha nani, kwa sababu vingine navyo vilichagua na kuficha. Ukishajua shahidi amepanga maneno, unamsikilizaje?

Unamsikiliza kwa kumlinganisha na mwenzake. Wasomi wamefanya hivyo kwa zaidi ya karne, nao hawajaafikiana. Mkataba wa amani wa 1919, katika kifungu cha 231, uliweka dhima kwa Ujerumani na wenzake, na Ujerumani ikajibu kwa kuchapisha nyaraka zake majalada arobaini. Baina ya vita viwili ikawa kawaida kusema kwamba wote waliteleza pamoja. Mwaka 1961 mwanahistoria wa Hamburg akatoa kitabu kinachodai Berlin ilijua inachokitafuta, na Wajerumani wenyewe wakagombana kwa miaka. Karne ilipokaribia kutimia, mwingine akarudi kwenye hoja ya kwamba wote walitembea usingizini. Mimi siamini usingizi. Telegramu za Julai ni za watu walio macho mno. Lakini siamini pia kwamba palikuwa na mpango mmoja wa mtu mmoja. Basi tushike tarehe tu, zinatuambia nini?

Kutoka risasi ya Sarajevo hadi Uingereza kuingia vitani ni siku 37. Aliyeuawa ni mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria pamoja na mkewe. Muuaji alikuwa kijana wa miaka 19, Mserbia wa Bosnia, na alipata nafasi kwa sababu dereva alikata kona isiyo yake. Waandishi huipenda sana kona ile. Kana kwamba dereva angenyoosha, Salaita ingebaki na nyani wake! Lakini wiki nzima zilipita na Ulaya ikaenda likizo. Tarehe 5 Julai Berlin iliihakikishia Vienna kwamba itaiunga mkono. Tarehe 23 Vienna ikaipelekea Serbia masharti na saa 48 za kujibu. Serbia ilikubali karibu yote, na tarehe 28 ikatangaziwa vita vilevile. Kwa muda wote huo njia za kurudi zilikuwepo. Zilizibwa lini?

Nadhani zilianza kuzibwa reli ziliposhika usukani. Usiku wa 29 Julai mfalme wa Urusi alifuta amri ya kukusanya jeshi lote baada ya kupata telegramu ya Kaizari, binamu yake. Kesho yake majenerali wakamzunguka, wakamweleza kwamba Urusi ni pana, treni zake chache, na akichelewa atakuwa amechelewa moja kwa moja, akairudisha amri. Upande wa pili mpango wa Ujerumani ulitaka Ufaransa ishindwe kwa takriban wiki sita kabla Urusi haijajikusanya, na njia ya haraka ilipita Ubelgiji, nchi iliyohakikishiwa kutoguswa kwa mkataba wa 1839. Kwa hiyo kila siku ambayo Urusi inakusanya askari ni siku inayoliwa kwenye ratiba ya Berlin. Huyu akijilinda, yule anaona anashambuliwa. Hakuwepo wa kusimamisha garimoshi?

Kaizari alijaribu. Tarehe 1 Agosti, aliposikia uvumi kwamba Uingereza huenda ikakaa kando, aliamuru jeshi lote lielekezwe mashariki na Ufaransa iachwe. Mkuu wake wa majeshi alimjibu kwamba haiwezekani. Treni zipatazo 11,000 zimeshapangwa kwa mwaka mzima wa kazi, na zikivurugwa litabaki kundi la watu wenye silaha wasio na chakula. Wengi huishia hapo na kusema ratiba iliwashinda watu. Mimi nasita. Miaka kumi na moja baadaye, ofisa aliyewahi kusimamia reli za jeshi aliandika kitabu kuonyesha kwamba inawezekana, na namna ambavyo yeye angeifanya. Kama yule mzee alisema kweli, basi neno "haiwezekani" lilikuwa uamuzi uliovaa nguo za hesabu. Uamuzi wa nini?

Wa kutongoja. Juni 1914 Urusi ilipitisha mpango mkubwa wa kupanua jeshi, wa kukamilika mwaka 1917, na kwa mikopo ya Ufaransa ilikuwa inajenga reli za kuelekea mpaka wa magharibi. Majenerali wa Berlin walihesabu vidole, wakaona mpango wao wa wiki sita utakufa siku reli hizo zitakapokamilika. Vienna iliona Serbia ikikua tangu vita vya Balkani vya 1912 na 1913. Urusi ilikumbuka ilivyorudi nyuma mwaka 1909, baada ya Austria-Hungaria kuimeza Bosnia. Ufaransa iliogopa kubaki peke yake, Uingereza iliogopa kuona mtu mmoja akitawala bara lote. Kila mmoja aliamini kwamba kesho yake itakuwa mbaya kuliko leo. Lakini hofu hizo hazikuanza 1914, na migogoro mikubwa ilishapita. Kwa nini ile ya nyuma haikuwaka?

Hapa nikarudi kwenye karatasi nilizoanza nazo, zile za mpaka wa Taveta, na nikazisoma upya pamoja na nyingine. Mwaka 1898 Ufaransa na Uingereza zilikutana Fashoda, kwenye Mto Nile, zikakaribia kupigana; mwaka uliofuata zikagawana Sudan kwa mstari. Mwaka 1904 zikamaliza ugomvi wao kwa Misri kuachiwa Uingereza na Moroko kuachiwa Ufaransa. Mwaka 1898 na tena 1913, Uingereza na Ujerumani zilizungumza jinsi zitakavyogawana Angola na Msumbiji, mali ya Ureno, ambayo haikuwepo chumbani. Julai 1911 mashua ya kivita ya Kijerumani ilitokea Agadir, Ulaya ikashika roho. Novemba mwaka huo ugomvi ukaisha: Ujerumani iliitambua Moroko kuwa ya Ufaransa, nayo ikapewa zaidi ya kilomita za mraba 250,000 za Kongo ya Wafaransa. Waliokuwa wakiishi humo waliamka wakiwa chini ya bendera nyingine. Unaiona ruwaza?

Makoloni ndiyo waliyolipia amani yao. Kila deni la Ulaya lilipoiva, lililipwa kwa ardhi ya mtu asiyekuwepo: Zanzibar ikaenda, Heligoland ikarudi, Moroko ikaenda, kipande cha Kongo kikarudi. Ndiyo sababu sikuona vita Taveta mwaka 1886 wala 1890. Ubao wa shule ulisema ugomvi wa makoloni ulileta vita. Naona karibu kinyume chake: kwa miaka thelathini makoloni yaliahirisha vita. Balkani haikuweza kulipiwa hivyo. Austria-Hungaria haikuwa na koloni lolote ng'ambo ya bahari, Serbia haikuwa nalo, na Urusi isingetulizwa kwa pori la Kamerun. Kilichogombewa kilikuwa ndani ya nyumba zao wenyewe, tena dola moja iliamini ikikikosa itasambaratika. Pale ambapo hakuna ardhi ya mtu wa tatu ya kutoa, wanapatana kwa nini?

Msomaji makini atanipinga, naye ana haki. Mwaka 1911 Italia iliivamia Libya, iliyokuwa ya Waturuki. Waturuki wakadhoofika, na mwaka uliofuata mataifa ya Balkani yakawarukia. Bila Libya huenda Serbia isingenenepa, wala Vienna isingeogopa. Halafu migogoro ya Moroko iliisha bila damu, ila iliacha kitu: tangu 1906 maofisa wa Uingereza na Ufaransa walikuwa wanapanga pamoja, kimya kimya, namna askari watakavyovushwa kwenda bara. Kwa hiyo malipo yale hayakuwa bure. Kila makubaliano yalimwacha mtu akinung'unika kwamba amepunjwa, na kila aliyepunjwa alijiapiza kutorudi nyuma tena. Nakubali yote mawili. Makoloni yaliahirisha vita, na papo hapo yakapandisha gharama ya kuviahirisha mara nyingine. Je, kuna mahali ambapo nyuzi hizi mbili, ya Afrika na ya Balkani, zinaonekana zikitoka mkono mmoja?

Pako. Mwaka 1878 wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin kuigawa himaya ya Waturuki huko Balkani, na Bosnia ikakabidhiwa Austria-Hungaria iisimamie. Mwaka 1884 walikutana tena Berlin, kwa mwenyeji yule yule, kansela wa Ujerumani, kuweka kanuni za bonde la Kongo. Mkutano wa kwanza uliiweka Sarajevo chini ya mfalme wa Vienna. Wa pili uliandika kile kifungu cha 11 kisichokataza vita. Kati ya mikutano hiyo ilipita miaka sita tu. Wabosnia hawakuwa mezani mara ya kwanza, na sisi hatukuwa mezani mara ya pili. Nilipofika hapo nilihisi njia imenifikisha kweli Sarajevo, ila kwa mlango wa nyuma. Ungeniuliza: na huku, Afrika Mashariki, hesabu ilifungwaje?

Ilifungwa kwa mtindo ule ule. Vita vya huku viliisha tarehe 25 Novemba 1918, Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Kwa upande wa Waingereza pekee wapagazi zaidi ya 95,000 walikuwa wamekufa, wengi kwa kuhara na njaa, na makaburi yao hayajulikani. Mezani, Ruanda na Urundi zikapewa Ubelgiji. Kionga, kona ndogo iliyo kusini ya mdomo wa Ruvuma, ikapewa Ureno. Sehemu iliyobaki ikawa Tanganyika chini ya Uingereza. Kile kipande cha Kongo kilicholipwa mwaka 1911 kikarudi Ufaransa. Na Gisaka, mashariki ya Ruanda, ikamegwa na kutiwa Tanganyika ili ipite reli ya Waingereza ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa bara. Reli haikujengwa, na baada ya malalamiko ikarudishwa Ruanda. Malipo ya zamani yalikuwa bado yana thamani. Yangedumu mpaka lini?

Kuna karatasi moja zaidi kwenye njia hii, ya tarehe 3 Machi 1938. Ujerumani ilikuwa imeinuka tena na inadai makoloni yake. Balozi wa Uingereza aliingia kwa mtawala wa Berlin na pendekezo kutoka London: ufanywe mpango mpya wa kutawala sehemu ya Afrika, na Ujerumani ipate fungu lake, mradi itulie Ulaya. Eneo lenyewe lilielezwa kwa kurejea bonde la Kongo la Mkataba wa Berlin wa 1885, lile lile la hadi Bahari ya Hindi. Mwenyeji alijibu kwamba suala la makoloni halina haraka, linaweza kungoja miaka minne, sita, hata kumi. Siku tisa baadaye askari wake walivuka mpaka wa Austria.